Kikokotoo kinunuliwe Kidato cha Tano, kisisubiri mtihani

Katika fomu ya maelekezo ya kujiunga na Kidato cha Tano, baada ya godoro, ndoo, shuka, sweta na fyekeo, mwanafunzi wa tahasusi ya sayansi hukuta mstari mfupi unaomtaka aje na kikokotoo cha kisayansi. Ni mstari rahisi kuuruka. Mzazi aliyeuza mikungu ya ndizi ili kupata nauli ya mtoto huanza na vitu ambavyo bila hivyo mtoto hatapokelewa bwenini. Godoro haliahirishwi. Kikokotoo kinaahirishwa: kwanza hadi likizo ya Desemba, halafu hadi Kidato cha Sita, na mwisho hadi wiki ya mtihani, mwanafunzi anapoazima cha mwenzake na kuingia nacho ukumbini bila kujua hata kitufe cha kubadilisha digrii kiko wapi.

Uahirishaji huo unawagharimu vijana wetu alama ambazo walikuwa na uwezo wa kuzipata. Ni gharama kubwa zaidi kwa mtoto anayetoka kata kama Masukulu, ambaye amefika Kidato cha Tano kwa kupanda mlima ambao wenzake wengi hawakuumaliza.

Safari ya kufika huko

Masukulu ni kata ya Wilaya ya Rungwe, Mkoa wa Mbeya, wilaya ambayo makao yake makuu ni mji wa Tukuyu. Ni nchi ya migomba, chai, parachichi na ng'ombe wa maziwa, na mvua yake inazidi milimita 2,000 kwa mwaka, kiasi ambacho sehemu chache za Tanzania hukipata. Sekondari za kata, zilizoenea nchi nzima kuanzia Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) mwaka 2004, zilileta Kidato cha Kwanza hadi cha Nne karibu na nyumbani. Kidato cha Tano ni habari nyingine. Kijana hupangiwa shule na TAMISEMI na anaweza kujikuta Iringa, Tabora au Kilimanjaro, mbali na mtu yeyote anayemfahamu. Ada ya Kidato cha Tano na cha Sita katika shule za serikali ilifutwa kuanzia mwaka wa fedha 2022/23, na hilo lilikuwa jambo jema sana. Mahitaji binafsi yamebaki mikononi mwa familia, na kikokotoo ni mojawapo.

Kufika hapo kwa tahasusi yenye Hisabati ya Juu, yaani PCM, PGM au EGM, ni ushindi wenyewe. Katika mtihani wa Kidato cha Nne, Hisabati limekuwa somo linaloangusha kuliko mengine. Kwa miaka ya karibuni, anayefaulu ni mmoja hivi kati ya wanne au watano. Kwa hiyo darasa la PCM ni la watu waliochujwa kwa chekeche jembamba.

Halafu wiki za kwanza zinawashtua. Silabasi ya Hisabati ya Kidato cha Nne haina kalkulasi. Wachache waliosoma Hisabati ya Ziada wameigusa. Wengine wote wanakutana nayo kwa mara ya kwanza. Mwenzao wa Kenya, aliyesoma hadi mtihani wa KCSE, tayari ameonjeshwa difrensiesheni, intigresheni na kanuni ya trapeza akiwa Kidato cha Nne. Mtanzania anaanza na sifuri, na wakati huohuo mwalimu wa Fizikia hamsubiri. Mwendo, kani na chaji ya umeme vyote vinaelezwa kwa lugha ya badiliko la kitu kimoja kwa kadiri kingine kinavyobadilika.

Wazo lenyewe halina uchawi. Difrensiesheni inauliza: hapa hasa, katika nukta hii, mteremko ni mkali kiasi gani? Intigresheni inauliza: vipande vidogo vidogo visivyohesabika vikijumlishwa, vinatoa nini? Kijana aliyezoea vilima vya Rungwe anajua bila kuambiwa kwamba njia moja ina sehemu ya kutembea na sehemu ya kutambaa. Kinachomshinda mara nyingi ni ukokotoaji uliozunguka wazo hilo: logi, trigonometria, desimali ndefu, na makosa madogo yanayoharibu ukurasa mzima. Hapo ndipo kikokotoo kinapoingia.

Alama kumi za mlangoni

Wengi hudhani kikokotoo ni msaada tu, kama rula. Katika Hisabati ya Juu ni mada inayotahiniwa. Mtihani wa Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, una karatasi mbili, 142/1 na 142/2, kila moja ya saa tatu. Kwa muundo uliozoeleka kwa miaka ya karibuni, karatasi ya kwanza ina maswali 10 ya lazima yenye alama 10 kila moja, na swali la kwanza linahusu vyombo vya kukokotolea. Mtahiniwa anaambiwa achukue kikokotoo chake akokotoe usemi mrefu wenye vipeo, logi na trigonometria kwa idadi maalumu ya desimali, au atafute wastani na mchepuko wa kawaida wa orodha ya data. Alama 10 kati ya 100 zimesimama mlangoni, na mwenye kikokotoo anachokifahamu anazichukua kwa dakika chache.

Hazibaki peke yake. Katika karatasi hiyohiyo difrensiesheni ina swali lake na intigresheni lake. Kuna swali la mbinu za kinamba, ambamo mtu hukadiria mzizi wa mlinganyo au eneo lililo chini ya mchirizo kwa kurudia hesabu ileile mara nyingi. Kuna takwimu. Kuna fomula za haipaboliki. Karatasi ya pili inaleta namba changamano, vekta, probabiliti na milinganyo ya difrensia. Anayejiandaa sasa amuulize mwalimu muundo wa mwaka wake, kwa sababu mitaala inabadilika, lakini ukitazama orodha hiyo utaona kwamba kikokotoo kinatembea na mtahiniwa karibu kila ukurasa.

Ongeza jambo moja. Kwa miaka mingi karatasi ya Hisabati ya Kidato cha Nne imekataza vikokotoo. Mwanafunzi aliruhusiwa jedwali za hisabati za NECTA tu. Kikokotoo alikitumia katika Fizikia na Kemia kuzidisha na kugawanya. Kwa hiyo anaingia Kidato cha Tano akiwa hajawahi kufundishwa mashine hiyo kama somo, na ghafla anatarajiwa kuimudu.

Kipi kinaruhusiwa, kipi kinatosha

Maelekezo ya karatasi ni mafupi: mtahiniwa anaweza kutumia jedwali za hisabati za NECTA na kikokotoo kisichopokea programu. Simu hairuhusiwi hata kama imezimwa, na anayekamatwa na kifaa kisichoruhusiwa yuko hatarini kufutiwa matokeo. Vikokotoo vinavyochora grafu, kama TI-84 ya Texas Instruments au fx-9750GII ya Casio, vinapokea programu, hivyo havina nafasi ukumbini. Ndugu aliye Marekani anayetaka kumtumia mdogo wake zawadi kubwa na alijue hilo kabla ya kutoa fedha.

Vinavyoonekana zaidi mikononi mwa wanafunzi wetu ni vya Casio, na vimegawanyika katika makundi mawili ya kueleweka. La kwanza ni la fx-82MS. Ni cha bei nafuu na kigumu kuharibika. Kinafanya trigonometria, logi, vipeo, faktoria, wastani na mchepuko wa kawaida, hata regresheni. Hakifanyi intigresheni, hakitafuti mteremko katika nukta, hakitatui milinganyo kwa mfumo, hakina namba changamano wala matriki.

La pili ni la fx-991MS na ndugu yake fx-991ES PLUS. Hivi vinakokotoa intigresheni yenye mipaka, vinatoa thamani ya difrensiesheni katika nukta moja, vinatatua milinganyo sambamba ya hadi vitu vitatu visivyojulikana, vinatatua milinganyo ya kipeo cha pili na cha tatu, na vinashughulikia namba changamano, vekta na matriki ya tatu kwa tatu. Vina kitufe cha CALC, ambacho kinamruhusu mtu kuandika fomula mara moja na kuipa thamani tofauti za X bila kuiandika upya. Kwa mbinu za kinamba hicho ni baraka. Vinatumia mwanga na betri ndogo ya kifungo, LR44. Na pamoja na yote hayo, havipokei programu.

Ushauri wangu kwa mzazi mwenye uwezo wa kuchagua ni fx-991 ya kizazi ambacho mwalimu na wanafunzi wengi wa shule hiyo wanakitumia. Toleo jipya kuliko yote si lazima liwe bora kwake. Casio imebadilisha mpangilio wa vitufe katika fx-991CW kiasi kwamba maelekezo ya mwalimu aliyezoea MS au ES hayafuatiki juu yake. Mtoto aliye peke yake darasani na mashine ya kizazi kingine atajifunza peke yake.

Na kwa mzazi asiye na uwezo wa fx-991 nasema bila kusita: nunua fx-82MS, inunue mapema. Milinganyo sambamba hutatuliwa kwa kalamu. Mteremko hupatikana kwa kanuni. Intigresheni ndiyo hasa inayotahiniwa kwa kuonyesha njia. Mwanafunzi aliyekaa na fx-82MS kwa miaka miwili yuko mbele ya aliyekabidhiwa fx-991 wiki mbili kabla ya mtihani.

Mashine haijui umekusudia nini

Nitoe mfano unaoweza kujaribiwa nyumbani. Tafuta eneo lililo chini ya mchirizo wa sine kutoka 0 hadi π. Jibu ni 2 kamili. Kwa mkono linapatikana kwa mistari miwili. Sasa ingiza hesabu hiyohiyo kwenye fx-991 iliyoachwa katika digrii badala ya radiani. Itafikiri kidogo, kisha itakupa karibu 0.086. Haitalalamika wala haitaandika neno la onyo. Imefanya hasa ulichoiambia: imechukulia π kuwa digrii 3.14 na kitu, pembe ndogo mno. Kalkulasi yote ya trigonometria imejengwa juu ya radiani, na herufi ndogo ya D au R iliyo juu ya kioo ndiyo inayoamua kama saa nzima ya kazi ya mtahiniwa ina maana.

Anayeijua mashine yake huangalia herufi hiyo bila kufikiri, kama dereva anavyoangalia kioo kabla ya kuingia barabarani. Mazoea hayo hayajengwi kwa usiku mmoja.

Mfano wa pili ni wa hatari zaidi kwa sababu kosa linafanana na ukweli. Chukua fomula ya thamani mutlaki ya x, ambayo grafu yake ina umbo la herufi V. Uliza mteremko wake kwenye x sawa na 0. Mwanafunzi aliyeelewa atasema haupo: kushoto mteremko ni hasi moja, kulia ni moja, na pale kwenye ncha namba hizo hazikubaliani. Vikokotoo vingi hukadiria mteremko kwa kuchukua nukta mbili, moja kushoto kidogo na nyingine kulia kidogo, na kuziunganisha. Katika V nukta hizo ziko kimo kimoja, kwa hiyo mashine inajibu 0. Ni jibu safi, na si sahihi. Hakuna mashine itakayomfundisha kijana kulikataa. Atalikataa kwa sababu alichora V ile kwa mkono wake na kuiona ncha.

Hii ndiyo sababu NECTA inaandika juu ya karatasi kwamba kazi yote ionyeshwe waziwazi. Swali likitaka intigresheni ya x mara e kwa kipeo cha x, kutoka 0 hadi 1, fx-991 italeta 1 baada ya muda mfupi. Mtahiniwa aliyeandika 1 na kupiga mstari chini yake amemwonyesha msahihishaji kwamba anamiliki mashine. Alama ziko kwenye intigresheni kwa sehemu: kipi kimeteuliwa kuwa u, kipi dv, na mipaka imeingizwaje. Kikokotoo kinamfaa hapo mwishoni, kuthibitisha. Aliyepata 1 kwa kalamu na 1 kwa mashine anahamia swali linalofuata moyo wake ukiwa umetulia. Aliyepata namba mbili tofauti anajua kwamba kuna mstari wa kurudia.

Wakati mwingine mashine hutoa desimali pale swali linapotaka jibu kamili. Ikitoa 0.785398163, mwenye uzoefu huigawa kwa π na kuona 0.25, na papo hapo anajua kwamba jibu ni robo ya π. Huo nao ni ujuzi wa kikokotoo, na haumo katika kijitabu cha maelekezo.

Baba wa alama ile ndefu

Kuna wanaoamini kwamba mashine na hisabati safi ni maadui. Historia haiwaungi mkono. Gottfried Wilhelm Leibniz, Mjerumani aliyechapisha makala yake ya kwanza ya kalkulasi mwaka 1684, ndiye aliyetuachia alama ya intigresheni, ile S ndefu ambayo kila mwanafunzi wa PCM huichora, aliyoiandika mara ya kwanza mwaka 1675. Leibniz huyohuyo alikuwa ametengeneza mashine ya kukokotoa yenye magurudumu ya meno, akaionyesha London mwaka 1673. Alitaka akili ya mtu ifanye kazi ya akili, na chuma kifanye kazi ya chuma.

Kwa karne tatu baada yake wanafunzi wa dunia nzima walikokotoa kwa jedwali za logi, urithi wa John Napier wa Scotland aliyezitangaza mwaka 1614. Mwaka 1972 kampuni ya Hewlett-Packard ilitoa HP-35, kikokotoo cha kwanza cha kisayansi cha kuwekwa mfukoni. Jedwali za NECTA zingali zinaruhusiwa ukumbini hadi leo, na ni vyema mwanafunzi azijue. Betri ikifa katikati ya karatasi, jedwali hazifi.

Nchi mbalimbali zimechagua njia mbalimbali. Nchini Marekani, mtihani wa AP Calculus una sehemu ambazo mtahiniwa hutakiwa kuwa na kikokotoo cha kuchora grafu na sehemu ambazo hairuhusiwi kugusa kikokotoo chochote. Huko India, bodi ya CBSE hairuhusu kikokotoo katika karatasi ya Hisabati ya darasa la 12. Kenya inaruhusu kikokotoo kisicho na sauti na kisichopokea programu pamoja na jedwali za baraza lake la mitihani, KNEC, na Uganda inafanya vivyo hivyo katika mtihani wake wa UACE. Vijana wa mifumo hiyo yote wanakuwa wahandisi. Jambo linalofanana kwao ni kwamba kila mfumo unataka mtahiniwa aelewe kabla hajabonyeza, na kila mfumo unawapa nafuu wale waliozoea vyombo vyao mapema.

Ziwa Kisiba liingie darasani

Tunapoteza nafasi kubwa tunapofundisha kalkulasi kana kwamba inahusu nchi nyingine. Wilaya ya Rungwe ina Ziwa Kisiba, ziwa la kreta lililoko Masoko, karibu duara, lenye kingo zinazoshuka kuelekea kwenye bonde lililochimbwa na mlipuko wa volkano. Muulize mwanafunzi yeyote wa hapa: maji ya ziwa lile ni mita za ujazo ngapi? Hakuna fomula ya kitabuni kwa umbo lile. Kuna intigresheni.

Tuchukue namba za mfano wa darasani tu, wala si vipimo rasmi. Tuseme uso wa ziwa una hekta 38. Kwa kina cha mita 10 eneo la maji limepungua hadi hekta 30, kwa mita 20 ni 21, kwa mita 30 ni 11, na kwa mita 40 ni 0. Kanuni ya Simpson inasema: chukua eneo la kwanza na la mwisho mara moja, la pili na la nne mara nne, la katikati mara mbili, jumlisha, kisha zidisha kwa theluthi ya hatua yako, ambayo hapa ni mita 10. Unapata 38, na 164, na 42, jumla 244. Mara 10 gawanya kwa 3 ni karibu 813. Kwa kuwa hekta moja ni mita za mraba 10,000, ujazo ni kama mita za ujazo milioni 8.13.

Hesabu hiyo haikuhitaji fx-991. Fx-82MS ingeifanya, na hata kalamu ingeifanya. Lakini kijana aliyeifanya amekwisha kuelewa intigresheni ni nini kuliko aliyekariri fomula 20. Amejumlisha matabaka ya maji. Na akishaelewa hivyo, akiongeza idadi ya matabaka na kuyafanya membamba zaidi, ataona mwenyewe kwa nini kikokotoo ni rafiki: hesabu zinazidi kuwa nyingi, wazo linabaki lilelile.

Vivyo hivyo kwa mbinu ya Newton na Raphson ya kukadiria mzizi. Andika 2 kwenye kikokotoo chochote kati ya hivi, bonyeza sawasawa, kisha andika nusu ya jumla ya Ans na 3 gawanya kwa Ans. Bonyeza sawasawa: 1.75. Tena: 1.732142857. Tena: 1.73205081. Kwa mibonyezo mitatu umefika kwenye kipeuo cha pili cha 3 kwa desimali nane. Kitufe cha Ans kimefanya kazi ambayo mwanafunzi asiyekijua angeiandika upya, tarakimu kwa tarakimu, akikosea njiani. Tofauti kati ya hao wawili ukumbini inaweza kuwa dakika 15, na dakika 15 katika karatasi ya saa tatu yenye maswali 10 ni karibu muda wa swali moja zima.

Dukani na darasani

Vikokotoo bandia vipo sokoni, na mnunuzi wa mara ya kwanza ndiye windo lao. Nenda na mtu anayevijua. Tazama maandishi ya vitufe kama yanafutika kwa kidole, tazama kama kuna namba ya utambulisho nyuma, soma jina la kampuni herufi kwa herufi. Kabla hujalipa, jaribu hesabu unazozijua majibu yake: sine ya digrii 30 iwe 0.5, faktoria ya 5 iwe 120, na kama ni fx-991, eneo la mchirizo wa sine tulilolizungumza liwe 2 katika radiani. Kataa kinachosita. Nunua na betri ya akiba, kwa sababu Tukuyu mwanga wa jua hufichwa na ukungu kwa siku nyingi na mabweni si angavu siku zote. Chora alama yako nyuma ya kifuniko. Mabwenini vitu hufanana.

Kisha mwanafunzi akae nacho. Kati ya matokeo ya Kidato cha Nne ya Januari na kuripoti shuleni Julai kuna miezi mingi ya kukaa nyumbani. Ni miezi ya kuchuma chai na kukamua, sawa, lakini saa moja kila jioni na kikokotoo na daftari ingetosha kumfikisha Kidato cha Tano akiwa tayari. Ajifunze kuhifadhi namba katika kumbukumbu A, B na C. Ajifunze hali ya takwimu na namna ya kuifuta kabla ya kuingiza data mpya, kwani data ya zamani iliyobaki humharibia wastani bila yeye kujua. Ajifunze kurudisha mashine katika hali yake ya kiwandani. Akifika Kidato cha Sita asome taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa ambazo NECTA huzitoa kwa kila somo. Humo mtu anaona kwa macho yake wapi waliomtangulia walipoteza alama, swali kwa swali.

Kwa walimu nina ombi moja. Mada ya vyombo vya kukokotolea isimalizwe kwa kipindi kimoja cha wiki ya kwanza kisha ikasahauliwa. Irudi katika kila mada: siku ya takwimu, siku ya namba changamano, siku ya mbinu za kinamba. Na darasa likubaliane aina moja ya mashine pale inapowezekana, ili mwalimu akisema bonyeza hapa, wote wabonyeze pale.

Deni la wana-Rungwe

Wilaya hii haijawahi kupungukiwa na watu walioisoma hisabati hadi mwisho. Profesa Mark Mwandosya, mhandisi wa umeme aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na baadaye akawa mbunge wa Rungwe Mashariki na waziri, ni mwenyeji wa hapa. Njia yake ingali wazi na kwa namna fulani imekuwa fupi zaidi: Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, MUST, kiko mkoani hapahapa, na tangu 2022 serikali inatoa ufadhili wa Samia kwa wanaofanya vizuri zaidi katika masomo ya sayansi Kidato cha Sita. Milango hiyo yote inaulizia daraja la Hisabati ya Juu. Walio wengi wanaofika kwenye mtihani huo hufaulu. Kinachowatenganisha ni nani amepata A au B na nani amepata E, na daraja hilo ndilo linaloamua kama kijana atasoma uhandisi au atatafuta nafasi iliyobaki.

Kwa hiyo nawageukia wana-Rungwe walioko Dar es Salaam, Dodoma, Mbeya mjini na ng'ambo, ambao hukusanyana kwa misiba na sherehe bila kuchoka. Sanduku moja la vikokotoo 20 vya aina moja, likikabidhiwa kwa afisa elimu wa kata, linaweza kuwahudumia vijana wa Masukulu kwa miaka mingi. Kijana aliyechaguliwa kwa PCM, PGM au EGM anaazima kwa jina na sahihi ya mzazi wake, anakaa nacho miaka miwili, anakirudisha baada ya mtihani wa Kidato cha Sita, na mdogo wake anakichukua. Betri ni gharama ndogo. Utunzaji ni daftari moja. Mwanafunzi wa chuo aliyeko likizo anaweza kuwakalisha wadogo zake kwa wiki moja na kuwaonyesha vitufe, radiani na kanuni ya Simpson kwa namba za ziwa lao wenyewe.

Hakuna mashine itakayomfanya mtoto aelewe mteremko. Kazi hiyo ni ya mwalimu, ya daftari na ya kichwa chake. Lakini tunaweza kuhakikisha kwamba anayeelewa hapotezi alama kwa kukosa kifaa cha kuazimwa au kwa kukutana nacho akiwa amechelewa. Majina ya waliochaguliwa yakitangazwa mwaka huu, sanduku hilo liwe limeshafika ofisi ya kata.